Spea Kubwa na Kiti cha Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Agosti
Mafuta sawa. Maji sawa. Tairi za nyuma nimeziongeza upepo, maana kesho tunampeleka mama mkwe kliniki ya vidonda huko Meru. Kiti chake cha magurudumu nimekikunja na kukiweka kwenye buti. Kimeingia vizuri. Wanja, mke wangu, atakaa mbele na chakula. Nyuma kote ni kwa mama na mguu wake. Sukari imemla kisigino na mguu haukunjiki. Wanja humsukuma na kiti hadi mlango wa gari, mama hujisogeza mwenyewe akaingia.

Mimi kazi yangu ni usukani tu. Kumshika mama mkwe ni mwiko, huku Mbeere na kwetu Timau vilevile. Tangu nimwoe binti yake hajanisemesha. Akitaka kitu anamwambia Wanja: mwambie mwenye gari. Hata nikiwa nimesimama papo hapo. Sichukii. Ndiyo heshima, na nimeizoea.

Jumanne, 2 Agosti
Siku mbaya. Tairi ya nyuma ilipasuka tulipopita Ishiara. Nikatoa tairi ya spea. Ile nyembamba iliyokuja na gari kutoka Japani, ya kukufikisha kwa fundi wa karibu. Fundi wa karibu yuko wapi huko? Mawe yaliimaliza kabla hatujapanda mlima wa kwanza.

Tukakaa. Jua la Ishiara halina huruma. Mama akahitaji kujisaidia. Kiti kikazama mchangani. Wanja akajaribu kumwinua, akashindwa, nikamsikia akilia. Nilikuwa nimewapa mgongo. Sikugeuka. Wanawake waliokuwa wakitoka kuteka maji ndio waliomsaidia. Lori likatuvuta kurudi Siakago. Kliniki tumeikosa.

Aibu niliyoiona leo sijawahi kuiona.

Jumatano, 3 Agosti
Mama amekataa. Hatapanda tena gari la kumtupa porini. Nesi wa hapa kwetu amemtazama. Kidole kimoja kimeanza kuwa cheusi. Jumanne ijayo asipofika kwa daktari wa Meru, mguu utakatwa. Nesi hakuzunguka mbuyu.

Wanja hali chakula. Nimemtuma kwa mama: nitatafuta spea kamili, tairi ya kweli, sawa na zile nne. Mama amejibu kwamba akiiona ndipo atasema.

Ijumaa, 5 Agosti
Nimeipata, na rimu yake. Haiingii kwenye shimo la spea chini ya buti. Shimo lilitengenezwa kwa ile nyembamba. Fundi Njeru ameilaza, ameisimamisha, ameitoa upepo, ameirukia kwa miguu miwili. Bado imejitokeza kama tumbo la chifu. Ubao wa buti haulali tena. Na juu yake kiti hakiingii, hata kikikunjwa.

“Mzee, penye nia pana njia,” Njeru ananiambia. Nia ipo. Njia ndiyo imejaa tairi.

Jumamosi, 6 Agosti
Keria ya juu ya paa, ya kufungia kiti: Siakago hakuna, Embu hakuna. Ya gari hili inaagizwa, na Jumanne haitakuwa imefika. Kiti kiwekwe mbele, Wanja abaki nyumbani: basi nani wa kumhudumia mama njiani, mimi? Kiti kibaki, twende na tairi: basi nani wa kumwingiza garini? Kaka yake Wanja yuko Mombasa. Jirani, mama hamtaki, atamsimulia sokoni. Tairi ibaki, twende na kiti: mama hatoki nyumbani.

Tumegombana na Wanja. “Si umbebe tu! Wewe si umeokoka? Mila za nini?” Nikamwambia hapo simwogopi Mungu, namwogopa mama yako. Hakucheka.

Jumapili, 7 Agosti
Kanisani sikusikia hata neno. Nilikuwa napima buti kichwani. Ninaichukia hiyo tairi.

Jumatatu, 8 Agosti
Mama ameiona. Wanja alimsukuma hadi nyuma ya gari, mimi nikasimama mbali kwenye kivuli cha nyumba. Akaigonga kwa fimbo mara kadhaa. Hakusema ndiyo. Ujumbe ulionifikia: mwambie mwenye gari aniletee blanketi jipya, kubwa, zito.

Nimekasirika. Mahari nilimaliza, na blanketi la mama mkwe lilitangulia mbuzi wote. Mguu unaoza, yeye anadai blanketi! Nimenunua hata hivyo. Jekundu, la mistari. Mgala muue na haki yake mpe.

Jumanne, 9 Agosti
Nilimkuta mama ameketi kitandani. Wanja akampa blanketi. Akajifunika lote: kichwa, uso, mikono, mguu mbovu na mzima. Likabaki furushi. Sauti ikatoka ndani yake: “Wanja, mwambie mwenye gari mzigo wake uko tayari.”

Wanja alicheka huku akilia. Mimi sikuweza kucheka. Niliinama nikambeba. Ngozi sikugusa. Uso sikuuona, wala yeye wangu. Nilijiandaa kwa uzito, nusura nianguke nyuma. Hafiki hata nusu gunia la ndengu. Nikamlaza kiti cha nyuma.

Njia nzima hakuna pancha. Hata msumari. Meru nikambeba tena mbele ya foleni yote, watu wakanipisha wakidhani naleta maiti. Daktari alifungua bendeji. Wamemlaza.

Alhamisi, 11 Agosti
Wameukata. Chini ya goti.

Nilimuuliza daktari kama ni ile wiki tuliyokosa. Hakusema ndiyo, hakusema la. Nina hasira. Na spea ya Japani, na barabara, na mgongo niliowapa pale Ishiara. Wanja haniulizi kitu. Afadhali angeuliza.

Jumamosi, 27 Agosti
Tumemleta nyumbani. Barabara kavu, tairi zote nzima. Mama alisinzia tangu Mitunguu.

Nimeegesha karibu kabisa na mlango wake. Nikafungua mlango wa gari, nikageukia kando kungoja ajifunike. Nikangoja. Wanja akanigusa bega. Blanketi lilikuwa limekunjwa kitini pembeni, mama hajaligusa.

Nikainama, nikamwinua. Nilitazama mlango wa nyumba. Yeye alikuwa ananitazama mimi, niliona kwa pembe ya jicho. Tulipokaribia kizingiti akaniita jina langu. Si Wanja. Mimi.

“Mutwiri, angalia, hapo kuna jiwe.”

Nikaliruka. Nikamweka kitandani.