Mrija wa Kaka Thomas

Jumanne, 13 Julai 2021

Kaka Thomas kapiga simu kutoka Muyinga. Mara ya kwanza tangu nirudi kutoka ukimbizini Tanzania! Amekubali tugawane shamba la baba. Jumapili, mbele ya wazee bashingantahe, tunywe pombe ya mtama kwa mirija, chungu kimoja – tukinywa pamoja, ugomvi umekwisha. Halafu akaongeza: nije na karatasi ya kipimo cha korona. Nilijua! Anatafuta kisingizio. Miaka ishirini na minane kalima peke yake, leo anaogopa mate yangu.

Alhamisi, 15 Julai

Foleni ya kipimo, hapa Gitega. Nilidhani watu huja kwa kikohozi. Wapi! Mbele yangu Bahadurali, mwenye duka mtaa wa Musinzira. Anapima kila wiki, karatasi anaibandika mlangoni wateja waione. Nyuma yangu Ignasi, mwalimu wa Mushasha, ananong'ona: "Mi niko nataka positif, dada. Mama mukwe iko anakuja kesho." Akapata negatif. Maskini, nusura alie.

Muuguzi akaniuliza sababu yangu. Nikamweleza yote, na shamba, na wazee. Akaandika kwenye fomu: pombe.

Kijiti puani – machozi! Robo saa. Mstari mmoja tu. Negatif! Haya, Thomas, lete kisingizio kingine.

Jumapili, 18 Julai. Muyinga

Vituko! Thomas naye kapimwa jana, nisije kusema ananionea. Mistari miwili! Hana hata mafua.

Nikasema basi, tuahirishe. Moyoni: si ndicho alichotaka? Akapiga kelele kutoka mlangoni kwake, juu ya mteremko: "Hapana! Nilikungoja toka we uko mutoto. Leo tunakunywa!"

Vikombe wazee wamevikataa. Kikombe si mapatano. Kumbe tangu alfajiri kaka anaunga mirija, kila kiungo kakifunga kwa mpira wa baiskeli. Mita sita, toka mlangoni kwake hadi chunguni huku chini! Barakoa kaitoboa tundu. Na mimi nilimwita mwizi mbele ya watu.

Naandika hapa hapa kwenye mkeka, chungu mbele yangu, mrija wangu mdomoni. Mimi nimeshameza. Wazee wanaangalia koo lake. Anavuta. Mashavu yamebonyea, macho yamemtoka. Pombe inapanda, inafika nusu ya mteremko, inarudi. Anavuta tena. Wazee wameanza kutafuta fimbo zao, wanataka kuondoka.

Naweka kalamu. Nikainue chungu.