Kisanduku cha Uzito

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimechoka na maneno! Faili za watoto wenye kifua kikuu zinatufikia hapa hospitalini Kamina kutoka vituo vya afya, na penye uzito wauguzi wanaandika hadithi: "amekonda", "mizani imekufa", "kama mdogo wake". XML, lugha ya faili zetu za kompyuta, haijali — alama ikifunguliwa na kufungwa, katikati inameza lolote. Mkuu wetu, Constant, kafoka kwamba anataka namba, si riwaya: "Minyi nataka chiffre, hapana roman!" Kwa mara ya kwanza tumekubaliana. Nitaiwekea mashine sheria: uzito ni namba, la sivyo faili irudi ilikotoka.

Alhamisi, 6 Machi
Lucienne hataki. Yeye ndiye anayefunga dawa za kila mtoto kulingana na kilo zake. Anasema akisoma "mizani imekufa" hupiga simu kituoni. Mashine ikikataa neno, yeye atajuaje? Nikamjibu kwamba mashine haina huruma, na huo ndio uzuri wake. Nililipenda sana jibu langu. Sheria imeanza saa nane mchana.

Alhamisi, 27 Machi
Kabondo-Dianda — faili nane, zote zimepita! Sikuzifungua, za nini? Pikipiki imeondoka na dawa. Constant kanipa mkono mbele ya watu.

Ijumaa, 2 Mei
Wameleta mtoto kutoka Kabondo-Dianda. Kasanda, miezi kumi na moja. Macho ya njano, anatapika, haamki vizuri. Daktari kasema ni ini, dawa imezidi. Kampima: kilo tano na nusu. Nimefungua faili yake — kumi na nne. Ya pili — kumi na nne. Zote nane! Lucienne alikuwa nyuma yangu. Alishika simu tu, akaagiza dawa za wale saba zisimamishwe. Afadhali angenitukana. Majuto ni mjukuu, wanasema, wangu hakuchelewa.

Jumanne, 6 Mei
Muuguzi wa kule, Mama Émerence, kafika leo. Siku mbili kwenye pikipiki, tope mpaka magotini. Mizani yake ilikufa Januari. Aliandika hivyo, faili ikarudi. Akaandika tena, ikarudi.
"Mashini inakatala, Papa Nday! Na bila faili, dawa hapana. Njo niliweka kumi na ine, kilo ya mutoto wa mwisho nilipimaka."
Alijua si kweli. Lakini ukweli alishauandika mara mbili, na ni mimi niliyeurudisha. Naona aibu, sijui niiweke wapi. Kasanda hanyonyi tangu jana.

Jumatano, 7 Mei
Kasanda amefariki alfajiri.

Alhamisi, 8 Mei
Tume ya kuchunguza kifo imekuja, wageni watatu. Constant yuko ndani nao tangu saa tatu. Kabla ya kuingia kaniinamia sikioni: "Weye sema tu infirmière alidanganya. Njo kweli, hapana?" Ni kweli, muuguzi alidanganya. Hilo ndilo linaloniua.
Naandika haya barazani. Mama Émerence amekaa benchi hili hili, mkoba mapajani. Kaomba maji, nimempa.
"Papa Nday, utabaambia mashini ilikatalaka, hein?"
Nimemwambia anywe kwanza.
Anakunywa. Ananitazama juu ya kikombe. Mlango umefunguliwa — wanaita jina langu, na bado sijaamua nitase—