Mlango wa Lavonne

Jumapili, 2 Januari

Haya, umerudi! Ulikuwa wapi, Hulda? Tangu mahindi yavunwe hujagusa kurasa hizi. Daftari hili lina msomaji mmoja dunia nzima, na ndiye mtoro. Aibu. Marehemu mumeo Orrin alijitesa kukufundisha herufi hapa hapa mezani jikoni, wewe mtoto wa vibarua wa viazi sukari, uliyehamahama mashambani hata shule hukuikanyaga. Halafu unaziacha herufi zake zishike kutu. Keti. Andika.

Baridi ya kupasua mawe. Kanisani mchungaji katuomba tusigombane hadi mkutano wa mchujo wa mgombea urais upite. Watu wakasema amina, wakateremka chini kwenye kahawa, wakagombana. Elgrove imejaa watu wa kampeni kama nzi kwenye zizi la nguruwe. Wanabisha hodi, wanasifia pazia. Mimi simwamini mtu anayesifia pazia langu. Ni pazia baya.

Jumanne, 4 Januari

Simu, nikiwa na kijiko mdomoni. Sauti ya binti, tamu kama sharubati — Mama, tunakusanya maoni tu, hatutakuchelewesha. Nitahudhuria mchujo? Nitahudhuria, sijawahi kukosa. Nimeshaamua? Sijaamua. Halafu akauliza: je, ungemuunga mkono Gavana Stroud kama ungejua kwamba alimwacha mkewe afe huku yeye akizunguka kuomba kura?

"Kama ungejua"! Hilo ni swali au ni sindano?

Nikamwambia, wewe mtoto, nani kakutuma? Akasema yeye anasoma tu alichoandikiwa. Nikamuuliza kama mama yake anaijua kazi anayoifanya. Akakata.

Merrill Stroud simpendi. Anacheka kama muuza matrekta. Lakini mkewe wa kwanza alikuwa Janelle. Janelle wa Lavonne! Lavonne jirani yangu, shoga yangu tangu tuna meno yetu wenyewe. Msichana alifia kwa mama yake, katika nyumba ile ya kijani ninayoiona dirishani nikiandika. Nilikuwepo.

Nani kawapa habari za nyumba ile?

Alhamisi, 6 Januari

Leo karatasi, kwa posta. Ngumu, inang'aa, ya gharama. Picha ya kitanda cha hospitali, kitupu, na ua limeanguka sakafuni. Janelle hakufia hospitali! Hata kitanda ni cha uongo.

Mjukuu wangu Britta kapita na mayai, nikamwomba anisomee yale maandishi madogo kama sisimizi pale chini. "Imelipiwa na Majirani kwa Ukweli." Majirani gani? Sanduku la posta la mji ambao hakuna anayeujua. Britta ni mtu wa Seneta Whitlock, mpinzani wa Stroud, gari lake limejaa vibandiko vya mama yule. Akasema, "Bibi, Seneta hahusiki na haya. Haya ni makundi ya nje, hata kupanga nao haruhusiwi kisheria."

Nikamwambia mbweha naye hapangi na banda la kuku.

Akacheka. Mimi sikucheka.

Ninawapima waliokuwa wanajua. Mchungaji wa zamani, marehemu. Daktari, marehemu. Merrill mwenyewe — angejipaka matope? Mimi. Na Lavonne. Hapana. Lavonne anayeniendesha kwa gari lake kila niendako tangu macho yangu yaharibike? Nimelifuta jina lake. Kisha nimeliandika tena.

Lile gari jeusi lililosimama uani kwake kabla ya Krismasi. Aliniambia ni fundi wa mtambo wa joto. Fundi gani anakuja theluji yote hii na viatu vya harusini?

Ijumaa, 7 Januari

Ni yeye.

Katika televisheni, baada ya tangazo la mbegu, kabla ya hali ya hewa. Lavonne, jikoni kwake, amekaa mezani, penye kitambaa nilichomdarizia kwa mikono yangu! Wamempaka poda. Akasema, "Binti yangu alikufa akiwa na miaka thelathini. Merrill hakuwepo." Basi. Kisha sauti ya mwanamume, nzito kama ya mazishi: Aliyemwacha mkewe atakuacha na wewe.

Nilisimama na sahani mkononi. Kikulacho ki nguoni mwako, naam, lakini hata nguo nilimshonea mimi?

Saa ya habari wakamweka Merrill. Waandishi wanamsonga kama nguruwe kwenye hori. Akasema, "Nilimpenda mke wangu. Mama yake ni mama yangu. Sina la kuongeza."

Adabu hiyo? Au ufundi?

Jumapili, 9 Januari

Sikwenda kanisani. Lavonne alipiga honi uani. Nikamwonyesha dirishani kwamba koo linaniuma. Mwongo mmoja kwa mwingine.

Nitaiandika jioni ile mara hii moja, nisije nikajidanganya baadaye.

Janelle aliomba kurudi kwa mama yake kufia kwao. Merrill alikuwa anagombea kiti chake cha kwanza, anahutubia mchana, anakuja kwake kila jioni. Kila jioni! Hiyo ya mwisho, gari lake lilikwama barabara kuu, akaja kwa miguu, theluji magotini. Mimi nilikuwa jikoni napasha supu isiyo na mlaji. Lavonne akaenda mlangoni. Hakutoa mnyororo. Nikamsikia — amelala, Merrill. Umekuwa naye miaka yote hiyo. Leo niachie mimi.

Akasema, "Mama, nimwone tu uso."

"Kesho."

Akaketi kwenye ngazi za nje, analia kama mtoto. Nilimpitishia kikombe cha supu kwenye dirisha la jikoni. Lavonne hajui habari ya kikombe hicho hata leo. Kesho yake haikumkuta Janelle.

Basi "Merrill hakuwepo." Kweli tupu. Na ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuusikia.

Lakini nani asiyemjua mama aliyezika? Sijawahi kumlaumu kwa mlango ule, hata siku moja. Mlango wa msiba si wa kuhukumiwa. Ila huu wa televisheni ni mlango mwingine.

Jumatano, 12 Januari

Mgeni. Kijana wa Stroud, jina Colby, koti zuri, meno mengi. Hakusifia pazia, hilo nampa. Akakaa, akala keki yangu ya mashina machachu ya rubarb vipande viwili, akasema, "Bi Hulda, tunasikia ulikuwepo."

Nikasema masikio yenu marefu.

Akataka nikae mbele ya kamera. Niseme nilichokiona mlangoni. Tangazo limeshaandikwa, anipe tu nilisome — na lina neno "mwongo" ndani yake, na jina la Lavonne karibu yake. Nikamwambia Gavana wako kasema kwenye habari hana la kuongeza. Akainamisha kichwa kama mtu wa sala.

"Gavana hajui nimekuja, Mama. Angenifukuza kazi. Ni mimi tu, moyo umeniuma. Mtu uliyempa kikombe cha supu dirishani anachinjwa hadharani, na wewe upo!"

Kikombe cha supu!

Nikaweka kisu cha keki chini polepole. Watu wawili tu duniani wanajua kikombe kile. Mmoja ni mimi. Kwa hiyo Gavana hajui, eh? Anafunga mdomo wa mbele, anafungua wa nyuma!

Nikamwambia, "Chukua koti lako, baba. Na bosi wako mwambie hivi: supu ile nilimpa bure. Hakununua ulimi wangu."

Alipotoka akateleza barafuni. Nilimwagia majivu njiani ili asivunjike. Mtoto wa watu.

Sasa niko pabaya zaidi kuliko jana. Yule msafi naye ana kucha. Lakini kucha zake hazibadilishi kilichotokea mlangoni. Zingebadilisha, ningelala.

Jumamosi, 15 Januari

Nimekwenda. Kwa miguu, na bakuli la viazi vya jibini, maana hata kugombana siwezi kwenda mikono mitupu.

Lavonne alikuwa anakanda unga wa kolache, maandazi ya plamu, za mkutano wa Jumatatu. Hakuinua kichwa. "Koo limepona?"

"Koo zima. Ulisema nini kwenye televisheni, Lavonne?"

"Nilisema uongo gani? Nitajie mmoja! Alikuwepo? Janelle alipokata roho, Merrill alikuwepo?"

"Nani alimzuia?"

Akaupiga unga ule hadi meza ikalia. Akasema walimuuliza swali moja: alikuwepo au hakuwepo. Akajibu. Akasema na mengine aliwaambia, ya mlango, yote, na wao wakayakata. Nikamwangalia. Uso wake ninausoma kuliko ninavyosoma karatasi yoyote. Na leo sikuweza. Labda aliwaambia. Labda hajawahi kuutamka mlango ule hata peke yake bafuni.

Nikasema, "Wapigie simu basi. Waambie wairudishe sehemu yako iliyokatwa."

"Nimewapigia! Ile namba haipokelewi."

Majirani kwa Ukweli! Majirani wasiopokea simu.

"Basi Jumatatu simama uwaambie watu wetu. Wanaokujua."

Hapo ndipo akaacha unga. "Hulda. Yule mwanamume ana mke mwingine, watoto, ndege, walinzi. Anataka na nyumba ya rais. Mimi nina nini? Nina ile jioni moja tu. Mtu asiniguse jioni yangu."

"Sikugusi. Nataka usiitumie kumpiga mtu."

"Shoga yangu, ukisimama upande wake, usinirudie hapa."

Nikamwambia ana unga puani. Akajifuta kwa kiwiko. Tulikaribia kucheka, Mungu anajua tulikaribia.

Bakuli langu nimeliacha kwake.

Jumatatu, 17 Januari

Naandikia shuleni, kwenye ukumbi wa chakula, nyuma ya birika kubwa la kahawa. Nilibeba daftari kwenye mkoba, sijui kwa nini. Mtu hubeba fimbo, mimi nimebeba hili.

Alikuja kunichukua! Saa ya kawaida, honi mbili, kama si yeye aliyenifukuza Jumamosi. Njia nzima kolache magotini mwangu, zina moto bado. Mlangoni akasema, "Shika kamba ya ngazini, Hulda, kuna barafu," akanishika mkono mwenyewe.

Elgrove nzima imo humu. Hapa kwetu hakuna sanduku la kura wala pazia la kujificha. Unatembea mbele ya macho ya daktari wa mifugo na mwalimu wa wajukuu zako, unasimama kwenye kona ya mtu wako, unahesabiwa. Kona ya Whitlock ni kule kwenye mashine ya maziwa, imeshaanza kujaa, Britta amekwenda na fulana yake. Kona ya Stroud, chini ya saa. Watu wawili na mbwa kipofu wa Harlan.

Tangazo limefanya kazi yake. Nimewasikia kwenye foleni. Mke wa Harlan kasema hata kama ni nusu kweli, inatosha. Mwingine kasema lisemwalo lipo. Mimi nikasema mbele yao kwamba na lisilosemwa lipo pia. Wakanitazama kama nimemwaga kahawa.

Colby yupo, kasimama ukutani na lile koti. Ananiangalia kama mtu aliyetega mtego akaenda kunywa chai. Ndiyo inayoniuma zaidi! Nikisimama, atadhani ni kwa ajili yake. Merrill ataambiwa bibi kakubali. Nikikaa, Majirani wa Uongo wamekula bure kwenye kitambaa changu.

Mwenyekiti kagonga meza. Kila upande unaruhusiwa mtu mmoja aseme machache kabla ya watu kuchagua kona.

Kwa upande wa Whitlock: Lavonne. Anasimama. Nguo ya bluu ya mazishi. Anasema lile lile — binti yangu, miaka thelathini, Merrill hakuwepo. Watu wanafuta macho. Anaketi. Hakusema mlango. Nilingoja, nilimngoja hadi matako yake yalipogusa kiti.

Mwenyekiti anauliza nani atamsemea Gavana Stroud.

Harlan anaangalia viatu.

Mwenyekiti anauliza tena.

Lavonne kanigeukia. Kiti cha pembeni yake kina koti lake, ameniwekea mimi, kama kila mchujo. Ananitazama. Sasa amenyoosha mkono kwenye koti — analitoa ili nikae, au analichukua aende? Kwa macho yangu haya sioni vizuri kutoka hapa kwenye birika.

Miguu yangu imeshasimama. Sikuiambia.

Sikiliza, Hulda, na usipotee tena hadi mavuno. Ukirudi kwenye ukurasa huu usinianzie na baridi wala mchungaji. Mstari wa kwanza kabisa uandike ulisema nini mbele ya watu hawa. Wa pili, nani alikurudisha nyumbani.