Kizibo, Uliyeomba Kutolewa

Mwaka umetimia leo, mjukuu wetu, tangu ulipoinua mikono uwanjani ukaomba kutolewa, na wenye uwezo wa kukutoa wakatazama pembeni.

Wengi watakaosoma tangazo hili wanakujua kwa jina la mpirani, Kizibo, beki wa kati wa timu ya wanawake iliyochukua ubingwa msimu uliopita. Wanajua kwamba uliposimama wewe, mtu hapiti. Sisi tunakujua zaidi ya hapo. Nyumbani ulikuwa mke mdogo wa babu yako na mke mwenza wa bibi yako, kwa utani ule wa wajukuu, na ukirudi mazoezini ulianzia mlangoni, "Mke mkubwa, mume wetu amekula?" Naye bibi yako alikuwa akijibu, "Amekula, ameshiba, na amesema hakutaki tena." Babu yako aliyasikia yote chumbani, akakohoa ili ijulikane yupo.

Tunakukumbuka ulivyokaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma ukisugua viatu vyako kwa mswaki mkuukuu. Ukimaliza vyako ulisugua na vya yule mdogo, msichana aliyesajiliwa mwisho, kwa sababu bomba la bwenini kwao lilikuwa halitoi maji jioni. Tunakukumbuka ulivyowasuka wenzako kabla ya mchezo, kwa vidole vyepesi, maana ulisema aliyesukwa kwa kubanwa hawezi kuona vizuri mpira unakotoka. Na kila bibi yako alipoanza kulalamika kwamba viatu vinambana vidole, ulileta beseni bila kuombwa, ukakaa chini, ukasema, "Lete mguu, mke mkubwa. Nikate hizo kucha kabla hujamchania mume wangu shuka."

Msimu ule ulianza vibaya. Mlipewa fulana zilizokatwa kwa vifua vya wanaume, mikono inafika viganjani. Mazoezi mlifanya baada ya wanaume kumaliza, nyasi zimeshachimbika. Mchezo wa kwanza mlifungwa manne. Jukwaani alikuwepo bibi yako na ufumaji wake, walinzi wawili, na paka. Mlipofika nyumbani ndipo ukasema, "Hata paka aliondoka kabla ya mapumziko."

Kisha mkaanza kuzuia. Kisha mkaanza kushinda. Katikati ya msimu ilimbidi bibi yako kuwahi ili apate kiti chake, kile cha nyuma ya benchi lenu, naye akawa anawaambia waliomsukuma, "Polepole, jamani. Mimi niko hapa tangu enzi za paka."

Mpira hakuujua, nawe ulimfundisha kwa subira. Kuotea ndiko kulikomshinda.

"Kwa hiyo mtu akitangulia mbele akamngojea mwenzake, ni kosa?"

"Ni kosa, bibi. Ameotea."

"Basi babu yako angepigiwa kipenga siku ya kwanza, maana aliniotea njiani kila nilipotumwa dukani."

Ulicheka mpaka ukalazimika kukaa. Lakini ipo ishara moja hukumfundisha. Hukumwonyesha jinsi mchezaji anavyoomba kutolewa, kwa sababu hukuwa umewahi kuomba.

Ninyi wawili mlikuwa na ishara yenu. Tangu utotoni ulikuwa ukimwigiza bibi yako anavyoviringa uzi wa kufumia: mikono miwili mbele ya kifua, mmoja unauzunguka mwingine. Ukitoka shule ukimwona kibarazani, unaviringa, naye anaviringa. Maana yake ilikuwa, nimekuona. Hata uwanja ulipoanza kujaa, mkiwa mmejipanga mstari kabla ya mchezo, ulimtafuta kwa macho ukaviringa mara moja, haraka, wenzako wasikucheke.

Mchezo wa mwisho mlihitaji sare tu, na mkatangulia kwa bao moja. Kipindi cha pili ikapigwa kona. Ukaruka pamoja na mshambuliaji wao, vichwa vikagongana, na bibi yako aliusikia mlio pale alipokaa, kama vyungu viwili. Mshambuliaji wao alitolewa papo hapo, akawekewa barafu. Wewe uliinuka, ukayumba, ukashika mlingoti wa goli. Kisha ukaligeukia benchi lenu, ukainua mikono juu, ukaizungusha.

Bibi yako aliona. Akaweka ufumaji mapajani, akaviringa mikono yake, akatabasamu. Alidhani umemsalimia.

Yeye hakuijua ishara ile. Benchi liliijua.

Yaliyosemwa pale tulikuja kuambiwa na mchua misuli wa timu, aliyekuja nyumbani baada ya mazishi akiwa amebeba mfuko wa viatu vyako. Alikataa kiti. Alisimama karibu na mlango, akasema, "Bibi, chakula hakinipiti kooni mpaka niyaseme haya." Daktari wa timu hakuwepo siku ile, alikuwa amepelekwa na wanaume kwenye mchezo wa kirafiki. Kwa hiyo aliyekukimbilia ni yeye, na chupa yake ya maji. Ulimwambia, "Nitoeni. Naona mipira miwili." Akarudi mbio akamwambia kocha. Wachezaji wa akiba walikuwepo, na mmoja alikuwa ameshavua koti. Kocha akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Mipira miwili? Mwambie azuie yote." Benchi likacheka. Kisha akakuita wewe mwenyewe: "Vumilia, Kizibo. Mvumilivu hula mbivu."

Ukavumilia. Krosi iliyofuata uliirukia, ukaipiga kwa kichwa hicho hicho, mpira ukatoka nje, nawe ukaanguka. Hospitalini hukufumbua macho tena.

Sasa tunauliza, na tunauliza hapa gazetini kwa kuwa kwingine tumeuliza hatukujibiwa: mbivu hiyo aliila nani? Kombe walilifungia mwaka mzima kwenye kabati la kioo ofisini kwao. Kocha ameongezewa mkataba. Mwenyekiti wa klabu alipigwa picha amelikumbatia kombe kama mtoto wake wa kumzaa. Wamekula tunda, wametuachia kokwa, na wanatutaka tuseme asante.

Siku ya mazishi yako mwenyekiti alisimama mbele ya watu akasema ulijitolea maisha yako kwa ajili ya klabu. Akasimulia ile ya mipira miwili kama sifa, kwamba hata ulipoiona miwili uliizuia yote. Watu walilia. Bibi yako alilia nao, maana alikuwa hajajua. Baadaye wakalichora neno hilo kwenye ukuta wa lango la uwanja, chini ya sura yako, kwa herufi zinazompita mtu urefu: ALIJITOLEA.

Alipojua, bibi yako alivaa viatu vyake vya kutokea, akaenda ofisini kwao. Alikaa kwenye korido na ufumaji wake mpaka mwenyekiti akachoka kumpita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya neno."

"Neno gani tena?"

"Lile la ukutani. Lifutwe."

"Bibi, lile ni la heshima. Ni wachezaji wangapi wanachorwa ukutani?"

"Sura iacheni, sura ni yake. Neno ndilo si lake. Mjukuu wangu hakujitolea. Aliomba kutolewa."

Mwenyekiti akacheka kidogo, kama mtu anayemstahimili mtoto. "Kujitolea, kutolewa. Hayo ni mambo ya lugha tu, bibi yangu."

"Ndiyo. Na aliwaomba kwa lugha hiyo hiyo, akaongeza na mikono."

Mwenyekiti akamwita katibu alete soda. Bibi yako hakuinywa. Alipofika nyumbani, jema alilolisimulia juu ya siku ile lilikuwa moja: katibu alimshika mkono kwenye ngazi, na walipofika chini akamnong'oneza, "Usiache kuja."

Hakuacha. Ameenda mpaka mlinzi wa lango akaambiwa asimpitishe. Mlinzi naye akamtolea kiti chake mwenyewe, yeye akakaa juu ya tofali, wakazungumza habari za magoti mpaka jua likapungua. Wema upo, mjukuu wetu, bibi yako anauona kila anapokwenda. Uko kwa walinzi na kwa makatibu. Haujapanda ngazi kufika kule juu.

Wanaomjua bibi yako wanajua si mtu wa hasira za karibu. Uzi ukijifunga mafundo hukaa nao, akaufungua taratibu, huku anakuuliza habari za kwenu. Lakini yapo mafundo yanayotaka mkasi.

Msimu huu nafasi yako anacheza yule mdogo uliyemsugulia viatu. Kocha ni yule yule. Mchua misuli hayupo, waliona ana mdomo mrefu. Jumamosi iliyopita ulikuwa mchezo wa mwisho, na walihitaji kushinda ili kombe libaki. Bibi yako alikuwa kwenye kiti chake. Kipindi cha pili, timu hazijafungana, yule mdogo akapigwa kiwiko cha sikio, akaanguka, mwamuzi akasimamisha mchezo. Aliinuka akipepesuka. Akaligeukia benchi, akainua mikono, akaizungusha.

Kocha akatazama saa yake.

Bibi yako akasimama. Ufumaji ukamponyoka, donge la uzi likabingirika chini ya viti. Akainua mikono juu ya kilemba, akaizungusha, na hakuacha.

Mama mmoja aliyekaa naye akamshika kiuno asianguke. "Bibi, kuna nini?"

"Mtoto anaomba kutoka. Mwambieni yule atazame."

Yule mama akainua mikono yake. Mstari wao wote ukainua, kisha mstari wa mbele, kisha jukwaa zima. Waliokuwa wakiimba wakanyamaza, ikabaki mikono tu inazunguka. Kocha aligeuka akatuona. Akatupa kisogo, akapaza sauti kuelekea uwanjani, "Cheza."

Nahodha wenu, yule mrefu uliyempa jina la Mlingoti, akauchukua mpira, akauweka chini, akaukalia.

"Nahodha, inuka," mwamuzi akasema.

"Nitainuka."

"Lini?"

"Akishatoka."

Mwamuzi akamwonyesha kadi ya njano. Akaitazama hivyo hivyo ameketi, akasema, "Asante, mwamuzi." Wenzake wakakaa chini mmoja mmoja, wakamzunguka. Wawili wa timu pinzani nao wakakaa. Hapo ndipo kocha alipozungusha mikono yake, taratibu, kama mtu anayejing'oa meno yake mwenyewe.

Yule mdogo akatoka kwa miguu yake, ameshikwa mkono na msichana wa akiba. Alipofika chini ya jukwaa alimtafuta bibi yako kwa macho, akaviringa mara moja mbele ya kifua. Nani alimfundisha, hatujui. Labda ni wewe, siku zile za viatu.

Donge la uzi lilirudishwa mkono kwa mkono kutoka mstari wa chini kabisa, limejaa vumbi.

Mchezo waliupoteza na kombe limeondoka. Juzi mwenyekiti amenukuliwa katika gazeti hili akisema kwamba wasichana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea. Tunamjibu humu humu. Moyo wanao. Na vichwa wanavyo, maana Jumamosi kila mmoja alirudi kwao na chake.

Neno bado liko ukutani. Tunalotaka halijabadilika: lifutwe, na mchezaji akiomba kutolewa atolewe, asiulizwe dakika zilizobaki. Bibi yako atakwenda tena Jumatatu. Mlinzi tumeshamwambia amwekee kiti.

Unakumbukwa na babu yako, mume wenu, ambaye jioni mlango ukilia hukohoa, kisha akakumbuka. Unakumbukwa na mama yako, aliyeviweka viatu vyako kwenye ile ngazi ya nyuma na hataki mtu avihamishe. Unakumbukwa na mjomba wako, kaka zako, Mlingoti na wenzako wote wa timu, yule mdogo, na mchua misuli, ambaye siku hizi anakula kwetu. Na unakumbukwa na mke mkubwa. Kucha anajikata mwenyewe sasa, na anazikata vibaya.

Uwanjani uliomba kutolewa, hawakukutoa. Humu mioyoni mwetu hukuomba, na hutatolewa kamwe.