Vishale Vilivyoikataa Ndoo

Jumapili jioni, Kitale. Baridi ya Agosti, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati ya jirani, na nimejifunika leso mbili juu ya sweta. Tumerudi kutoka Kabuchai mchana. Binti yangu Mukhwana amelala kwenye kochi na viatu vyake, na sina nguvu ya kumvua.

Leo nitaandika polepole, kwa sababu sina uhakika kama nataka mtu asome.

Mnaopita kwenye ukurasa huu mnaijua kazi yangu. Nina kibanda cha vitu vya watoto mjini, na kabla sijauza kitu nakichezea mwenyewe, halafu nawaambia ukweli hata kama ukweli huo utaniachia mzigo kibandani. Wiki hii mmenisumbua kuhusu bunduki za sponji, zile za plastiki zinazorusha vishale laini vyenye kichwa cha mpira. Kila mzazi anataka kujua ipi inafika mbali na ipi inapiga pale unapolenga. Nikachukua mbili. Moja ya bluu, ambayo lazima uvute mkono wake nyuma kabla ya kila kishale. Nyingine ya rangi ya chungwa, ya betri, ina vigurudumu ndani vinavyokitema kishale ukibonyeza tu. Uani kwangu hapatoshi hata kuanika shuka, kwa hivyo nikaamua nitazijaribu kwa mama mkwe, Kabuchai, ambako ua ni mpana na nyasi zimeliwa na ng'ombe zikawa fupi.

Lakini siwezi kuandika ya Kabuchai bila kuandika jambo ambalo sijawahi kuligusa hapa.

Mukhwana alizaliwa na mwenzake. Kwa watu wa baba yake, pacha wa kwanza huitwa Mukhwana na wa pili Mulongo. Mulongo wangu alikuwa mvulana, na hakukaa. Alipokufa nilikuwa bado kitandani hospitalini, nimeshonwa, siwezi hata kuketi. Mama mkwe alikuja, akamfunga ndani ya shali yake, akaondoka naye kwenda nyumbani. Akina mama wazee walimzika alfajiri bila matanga, bila wimbo, bila hata kumwita baba yake. Wanasema ndivyo anavyozikwa pacha mchanga. Hawakuinua kaburi wala kuweka msalaba.

Sijawahi kuonyeshwa mahali alipo.

Niliuliza mwaka ule wa kwanza. Mama mkwe akainuka akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Mume wangu, ambaye kazi ya serikali imempeleka mbali, anasema hata yeye hajui, na ninamwamini. Mimi ni binti wa Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia zamani, nikajiambia nimeolewa kwa watu, sitapigia kelele mambo yao. Nikanyamaza miaka yote hii. Ila kila nikienda pale natembea nikitazama chini. Naogopa kumkanyaga mwanangu nikienda kuanika nguo.

Mama mkwe naye hamtaji, lakini hajawahi kumpa Mukhwana yai moja. Humpa mawili. Akimnunulia gauni ananunua mawili, ya kitambaa kimoja. Mukhwana hula yai lake, na lile la pili hubaki kwenye sahani mpaka jua lishuke. Huwa sioni linakokwenda.

Basi jana tulifika, tukanywa chai, nikatoa bunduki zangu mezani. Mama mkwe akazigeuza geuza, akaniuliza kwa nini hazifanani. Nikamweleza kazi yangu, kwamba nataka kuona ipi inaishinda nyingine. Hakufurahi. Akasema kwenye nyumba ya mapacha vitu viwili havishindanishwi, vinapewa sawa, basi. Mama mkwe akizungumza Kiswahili, l na r zinabadilishana viti, na mimi hutumia muda mwingi kumsikiliza vile anavyosema kuliko kile anachosema. Jana nilifanya hivyo hivyo. Nikaitikia ndiyo Mama, nikatoka nje kwenda kuzishindanisha.

Nilichora mstari wa majivu mbele ya mlango wa nyumba kubwa. Ng'ambo ya ua nikaegemeza ndoo ya plastiki juu ya kigoda, mdomo ukinitazama. Ilikuwa saa nane hivi, jua hafifu nyuma ya mawingu, hakuna upepo. Moshi wa jikoni ulikuwa umesimama wima juu ya paa. Nilifurahi, kwa sababu kishale cha sponji ni chepesi na upepo kidogo tu unakuharibia kazi yote.

Nilianza mwenyewe. Ya bluu ina nguvu, nakiri. Ukiielekeza mbele bila kuinua mtutu kishale kinavuka kamba ya nguo na kuigonga ndoo, na kikikosa hakikosi kwa mengi. Ya chungwa ni mbio na kelele. Inatema vishale haraka mpaka mtoto anacheka, lakini vikifika katikati ya ua vinaanza kuyumbayumba, kimoja kushoto, kingine juu, na vingi vinaanguka kabla ya ndoo. Kwa mtoto anayetaka kulenga, nunueni ya kuvuta. Kwa mtoto anayetaka vurugu sebuleni, ya betri inamtosha. Hayo ndiyo matokeo yangu, na kama mlikuja kwa hayo tu mnaweza kuishia hapa.

Mimi mwenyewe natamani ningeishia hapo.

Kawaida yangu ni kumpa mtoto naye ajaribu, kwa sababu mkono wa mtu mzima hausemi ukweli wote kuhusu kitu cha mtoto. Nikampa Mukhwana ile ya chungwa. Alipiga vishale vyote, na vyote vikaenda upande wa kushoto, kati ya migomba na ghala la mahindi, vikaangukia sehemu moja. Ninaposema sehemu moja namaanisha ningeweza kuvifunika vyote kwa ungo. Bunduki hiyo hiyo ilikuwa imenitawanyia vishale ua mzima muda mfupi tu uliopita.

Nikasema kwa sauti kwamba inavuta kushoto. Wanaojaribu vitu wana jibu kwa kila kitu.

Nikampa ya bluu. Ya bluu inarusha mbali kuliko ya chungwa, kwa hivyo kama mtoto alikuwa anakosea upande, vishale vilipaswa kupita pale na kufika kwenye ua wa michongoma. Vikaanguka pale pale, juu ya vile vya kwanza, laini, utadhani mtu alikuwa anavipokea.

Nikaudhika. Nikamwambia aache mchezo alenge ndoo. Akanitazama kwa macho makubwa, akasema anailenga. Nikapiga magoti nyuma yake, nikamshika mabega, nikaangalia mtutu kwa jicho langu mwenyewe ukiwa umenyooka kwenye ndoo. Akabonyeza. Kishale kilitoka kikiwa kimenyooka, kikafika karibu na kamba ya nguo, halafu kikapinda. Kilipinda taratibu, bila haraka, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana mahali pa kwenda.

Nilitazama moshi wa jikoni. Bado ulikuwa wima.

Hapo ndipo ningeacha kama ningekuwa na akili. Badala yake nikahamisha mstari. Nikaenda upande wa zizi, nikageuza kigoda na ndoo, ili migomba sasa iwe mkono wetu wa kulia. Nilijiambia kama ni bega la mtoto linavuta kushoto, sasa vishale vitaelekea kushoto kwetu, kisimani. Nikamshika tena. Akapiga cha kwanza, kikapinda kulia, kikaenda kati ya migomba na ghala. Akapiga cha pili kwa bunduki nyingine. Kikaenda huko huko.

Kuku waliokuwa wanapekua chini ya migomba walikuwa wameondoka. Sikuwaona wakiondoka.

Nilimuuliza Mukhwana polepole, kwa sauti ya kawaida niliyoitengeneza, anafanyaje. Akainua mabega.

"Nalenga ndoo, Mama. Lakini vyenyewe vinataka kwenda pale."

Alisema hivyo bila hofu yoyote, na hilo ndilo lililonitia baridi. Nikamwambia anisubiri. Nikachukua kigingi cha kufungia mbuzi na jiwe, nikaenda hadi kwenye vile vishale, nikaanza kukipigilia kigingi katikati yake ili nipime umbali. Mpaka wakati huo nilikuwa bado nadhani kazi yangu ni kupima. Udongo wa hapo ulikuwa kama udongo mwingine wote wa ua ule, na nyasi zake zilikuwa nyasi tu.

Mama mkwe akatokeza jikoni na beseni la maharagwe. Alipoona kigingi alisimama. Hakuliangusha beseni, aliliweka chini kwa uangalifu, akaja akatembea kwa kuuzunguka upande wa ghala, njia ndefu ambayo sasa nakumbuka huwa anaipita siku zote.

"Mama Mukhwana, nani arikuonyesha hapa?"

Jiwe lilikuwa bado mkononi. Nilielewa kabla hajamaliza kusema. Mwili wangu ulielewa, nikakaa chini pale nilipokuwa, halafu nikakumbuka nimekaa wapi nikatambaa nyuma kwa viganja.

Niling'oa kigingi. Sikumbuki nikiking'oa, lakini kilikuwa mapajani mwangu. Nikamwambia hakuna aliyenionyesha, ni vishale vya mtoto. Akaviangalia. Akamwangalia Mukhwana aliyesimama mbali upande wa zizi na bunduki mbili, moja kila mkono. Midomo yake ikasogea, nadhani alikuwa anaomba.

Nikamuuliza lile swali ambalo nimelibeba tangu hospitali. Kwa nini alinificha? Sikupaza sauti, wala sikuwa na heshima.

"Ungejua, ungekuja kuria hapa kira siku," akasema. "Mama wa mapacha akiria huyu mmoja, yule mwingine anasikia. Anamfuata. Nirikuwa nimebaki na mmoja. Nifanye nini?"

Nimekaa na hasira juu ya mama huyu miaka mingi, nikimwona mgumu, mtu wa mila kuliko mtu wa huruma. Na kumbe yeye alikuwa analinda mlango. Hasira haikuisha, nisidanganye. Ila iliingiliwa na kitu kingine ambacho sijakipatia jina.

Akaniambia nisilie. Akalirudia, nisilie hapa, mtoto anaona. Nikameza. Nikainuka, nikavikusanya vishale kwa vidole viwili, kimoja kimoja, nikarudi hadi kwenye mstari wa majivu wa kwanza, kwa sababu nilihitaji kufanya kitu kwa mikono.

Nikaichukua ile ya bluu, ile nzuri, nikaielekeza pale kwa makusudi. Nilitaka kimoja kitoke kwangu. Nilitaka, mara moja tu, kumfikia mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nikashusha pumzi kama ninavyofanya siku zote, nikabonyeza.

Kishale kikaenda kikagonga mlango wa ghala.

Nikasogea mbele nikapiga tena, kikapotelea kwenye migomba. Nikasogea tena. Nilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kukitupa kwa mkono kikafika, na bado kilipinda, kikaniepuka, kikalala mbali kwenye majani. Bunduki ile haikuwa imekosa kwa mengi hivyo tangu nianze. Mukhwana alinisogelea akanishika sketi, akasema nijaribu ile nyingine. Nikajaribu ile nyingine. Vishale vyake vilitawanyika pande zote za ua isipokuwa pale.

Nilisimama hapo na bunduki ya plastiki, mwanamke mzima, nikijua kwamba mwanangu anampokea dada yake na hanipokei mimi. Huenda hanijui. Mkono wa mwisho aliouhisi haukuwa wangu.

Mama mkwe alikuwa ananitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akamwita Mukhwana, akamwambia waende jikoni wakachague maharagwe, akamsukuma mbele yake kwa upole. Mlangoni akasimama, akamziba mtoto kwa mwili wake wote, akageuza uso kuelekea jikoni na kunipa mgongo. Hakufunga mlango wala hakuingia. Alisimama tu hivyo, amenipa mgongo, akianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, ili ndani kusisikike kitu.

Niliziweka bunduki chini. Nikaokota kishale kimoja, nikatembea kwa miguu yangu hadi kati ya migomba na ghala, nikapiga magoti, nikakilaza pale kwa mkono.

Hakikusogea. Ndipo nikalia.