Mlezi na Mtu wa Shoka

3 Machi

Mpendwa Ndimu,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Mimi mzima, ila macho yanawasha kwa kuchomelea. Wiki hii tumemaliza mageti kumi na mawili na msimamizi bado amenuna. Ile mashine yenu ya kusagia vioo vya miwani imeshatengenezwa?

Nina swali. Jumamosi niliingia kwenye gemu letu la mtandaoni kukungoja darajani, nikakuona na mtu. Jitu la shoka, limejivika ngozi ya chui, limesimama kushoto kwako, mahali pangu. Ni nani huyo? Nauliza tu.

Nikukumbushe kwa wema. Mtu wa Shoka anapiga kuliko wote, sikatai. Lakini hana ngao, na damu yake ikishuka chini ya nusu anapandwa na wazimu, anakata adui na mwenzake pamoja. Mtu wa Mapanga Mawili ana mbio, ila ni mtoro. Wewe wa Mkuki unafika mbali, kifua kiko wazi. Ndiyo maana yupo Mlezi. Mlezi hapigi sana, lakini pigo lako analipokea yeye. Miaka kumi na mitatu nayapokea mapigo yako, tangu siku za vile vishikio viwili vya kuchezea, kimoja kimefungwa kwa utepe.

Tulikubaliana gemu ni vita, barua ni nyumbani. Basi nijibu kwa barua.

Kaka yako


20 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Vaa ile barakoa ya kuchomelea, usijifanye shujaa. Mimi sijambo. Mashine imepona, sasa anayeumwa ni fundi wake.

Hiyo "nauliza tu" yako imenichekesha. Huyo ni Mpimaji. Anapima viwanja. Alikuja dukani na miwani aliyoikalia, akaondoka na miwani nzima, halafu akarudi bila miwani yoyote ya kutengeneza. Ni mtu wangu, kaka. Ana nia ya kunioa, nami nina nia hiyohiyo. Nilitaka umwone kwanza vitani, maana huko ndiko unakopimia watu.

Anakusalimu. Anauliza pia kwa nini tunasema Mlezi. Anasema lile neno la kigeni kwenye ukurasa wa mashujaa maana yake ni Mlinzi.

Mdogo wako,
Ndimu


28 Machi

Ndimu,

Marahaba. Mimi mzima.

Kwa hiyo mgeni hata hajakaribishwa, ameshaanza kuhamisha viti. Mlinzi! Mwambie mimi ndiye niliyeifungua ile kamusi, nikiwa na miaka kumi na sita na wewe kumi. Ilitoa maneno mawili, mlinzi na mlezi. Nikachagua mlezi kwa sababu mlinzi tuliyemjua ni yule wa geti la shule, aliyekurudisha nyumbani kwa kukosa soksi. Kama nilikosea, ni kosa letu, halihitaji kupimwa kwa kamba yake.

Na mimi nimempima. Jumapili nilimwita uwanjani, ngao kwa shoka. Nilimwangusha mara saba. Mara ya tano wazimu ulimpanda, akakukata wewe uliyekuwa umesimama pembeni unatazama. Huyo ndiye unataka kuishi naye nyumba moja?

Nitasema wazi: nina wivu. Wazazi walipotutoka nilijifunza kukusuka nywele kabla sijajua kuchomelea. Leo mtu wa kamba na vigingi anasimama kushoto kwako. Chagua nani akae hapo.

Kaka yako


17 Mei

Ndimu,

Hujambo? Wiki saba sasa. Huandiki, na darajani huonekani. Kama unaumwa, niambie. Kama umeshachagua, niambie pia. Kimya chako kinachoma kuliko moto wa kazini.

Jana nilimkuta Mpimaji peke yake darajani. Nikachomoa silaha. Hakuchomoa ya kwake, kwa sababu hana tena shoka. Ameanza upya, ngazi ya kwanza kabisa, na ngao ya mbao. Nikampiga, akapokea. Nikampiga tena, akapokea. Halafu akaandika, "Shemeji, nifundishe." Nikazima gemu.

Ngao yenyewe anaishika vibaya. Bega lote liko nje.

Kaka yako


2 Juni

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Nilikuwa na hasira, na zimechelewa kuisha kwa sababu nimezirithi kwako.

Sichagui. Mtu wa Mkuki ana kushoto na kulia. Kulia kwangu kulikuwa wazi miaka yote, hukuona kwa sababu ulikuwa unatazama mbele. Kushoto ni kwako. Mpimaji nimemhamishia kulia, na amekubali bila kupima.

Sasa jambo la nyumbani. Leo tulijaza fomu ya ndoa. Kuna mstari umeandikwa "Jina la mzazi au mlezi." Nikaandika jina lako. Mpimaji alikuwa ananichungulia begani, akausoma mstari ule mara mbili. Hakusahihisha kitu.

Inatakiwa sahihi yako. Fomu nimeikunja humu ndani. Usiichomelee.

Mdogo wako,
Ndimu


14 Juni

Ndimu,

Marahaba, mdogo wangu. Mimi mzima, na macho yamepoa.

Fomu hiyo. Niliosha mikono kwa sabuni mara tatu na bado nimeacha alama ya grisi pembeni. Mwambie karani ni sahihi ya pili.

Mwambie Mpimaji Jumamosi awahi darajani na ile ngao yake. Tutaanza na bega. Wivu bado ninao, asije akadhani umeisha.

Mlezi wako