Kumbukumbu ya Daktari Gaudens, Mgeni wa Mtaa wa Narung'ombe

Mwaka mmoja umepita sasa, Baba, tangu ulipotutoka ukiwa umekaa barazani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, ukijiandaa kwenda kliniki. Hata asubuhi hiyo ulikuwa na haraka ya kwenda kumwuliza mtu jambo.

Kuuliza maswali ulizaliwa nako. Mama yetu, Theopista, aliongozana nawe Kariakoo kununua samaki mara moja tu. Alipogeuka hukuwapo. Alikukuta umechuchumaa penye magunia ya mchele na mchukuzi mmoja, unamwuliza chai yake anaitia vijiko vingapi vya sukari na marehemu baba yake aliugua nini. Samaki wakaanza kunuka kikapuni. Tangu siku hiyo Mama akawa anakwenda sokoni peke yake, nawe ukajifanya umeonewa.

Ulitibu kisukari, na wagonjwa walikupenda kwa kuwa hukuwafokea. Lakini kuna jambo lilikukera. Kila daktari kijana aliyetaka kujua ugonjwa huu unatoka wapi alipelekwa mkoani, akamezwa na foleni ya wagonjwa, udadisi ukaishia hapo. Wewe ulitaka ipatikane nafasi moja tu: daktari atakayetibu nusu ya wiki na kutafiti nusu nyingine, alipwe kama wenzake na agharimiwe masomo. Mtu mwenyewe ulikuwa naye, Daktari Severa, binti wa Songea asiyekubali jibu lako mpaka aligeuze pande zote. Akiikosa nafasi hiyo, mwisho wa mwaka angepangiwa hospitali ya Tunduru, mbali mkoani.

Kamati yenye fungu la masomo ilisita. Mwenyekiti wake, Ndugu Pius, hakukuficha.

"Ndugu daktari, wagonjwa wamelala mpaka verandani, nawe unataka mmoja wenu akae pembeni anapima matone ya damu? Tuoneshe kwanza hiyo kazi."

Basi wewe na Severa mkaingia Mtaa wa Narung'ombe, nyumba kwa nyumba. Watu mliwaomba wasile wala wasinywe chochote tangu usiku, asubuhi mje kuwatoboa kidole. Majibu yakatisha. Karibu kila nyumba sukari ilikuwa juu. Severa alifurahi, maana kamati isingeweza kulifumbia macho jambo kama hilo. Wewe ndiye uliyekosa raha. "Mtaa mzima?" ulikuwa ukisema peke yako mezani, ugali ukipoa.

Ukarudi kwa Bi Tatu, mwuza vitumbua, kumdadisi. Kabla hujafungua kinywa alikwishakuwekea chai, naye akajimiminia yake, kwani mgeni haachwi anywe peke yake.

"Bi Tatu, siku ile nilipokuja kukutoboa, ulikuwa umekunywa kitu?"

"Thubutu! Nilikaa na kiu yangu mpaka ulipobisha hodi."

"Na nilipobisha hodi?"

"Si tukanywa chai wote, tukazungumza? Daktari aingie kwangu nimpe kidole tu, hata kikombe kisitangulie, majirani watanisemaje? Tena sukari yenyewe ya kupangia foleni dukani, naificha sandukuni chini ya kanga. Haitoki mpaka aje mgeni wa maana kama wewe."

Ulicheka, kisha ukakiweka kikombe chini. Wewe, msomi wetu, uliyelelewa Kibosho usikatae cha mwenyeji, ulikuwa umekunywa chai mtaa mzima na kusifia iliki. Sukari ilipanda kila nyumba kwa sababu wewe ulikuwa umefika.

Jioni hiyo Mama alikusihi. "Baba Ignasi, nyamaza kidogo. Mtoto wa watu atakosa nafasi."

"Nikinyamaza," ulimjibu, "atakuwa amejifunza nini kwangu?"

Ukaenda ukawaeleza wanakamati yote, mpaka habari za iliki. Kamati ilicheka, halafu ikaahirisha uamuzi. Severa alilia sebuleni kwetu, akasema umemponza. Hakukanyaga tena hapa kwa siku kadhaa. Kisha alfajiri moja tukasikia hodi. Alikuwa mlangoni, kisanduku cha sindano kwapani.

"Shikamoo, Daktari. Twende tukaanze upya."

Safari hii Bi Tatu aliwatangulia mlango kwa mlango, sauti juu: "Damu kwanza, chai baadaye! Atakayeinjika birika atanitambua!" Sukari ikashuka nyumba nyingi. Ilibaki juu zaidi kwa wenye maduka wanaoshinda wamekaa. Wachukuzi, wanaokunywa chai ileile tamu kupindukia, walikuwa nayo kidogo sana. Kwa nini? Ulizunguka na swali hilo chumba hadi chumba, huna usingizi na umefurahi kama bwana harusi. Halafu ukafa, Baba. Tuliumia, na hata leo tunaumia.

Severa alisimama mbele ya kamati badala yako. Mama alikwenda, akakaa kiti cha nyuma na nguo zake nyeusi.

"Sasa hao wachukuzi," Ndugu Pius aliuliza, "mbona hawaugui?"

"Sijui, Ndugu Mwenyekiti."

"Daktari Gaudens alijua?"

"Naye hakujua. Amekufa anataka kujua."

Mama anasema Ndugu Pius alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Basi mpeni binti nafasi," alisema, "akatafute."

Tunduru alipelekwa mwingine. Severa alikwenda masomoni miezi sita, amerudi mwezi uliopita, na nusu ya wiki yake anaimalizia Kariakoo katikati ya magunia. Juzi alikuja kumsalimu Mama. Tulimwuliza kama amelipata jibu. Bado, alisema, na macho yalimng'aa.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili parokiani kwetu. Unakumbukwa na mkeo mpenzi Theopista, wanao Ignasi na Clotilda, ndugu yako Eliakimu, Bi Tatu na majirani wote wa Narung'ombe, na Daktari Severa, ambaye aliomba jina lake liandikwe pamoja na majina ya watoto wako. Tumeliandika.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Na kama huko uliko umekwishaambiwa jibu, tafadhali usimjie Severa ndotoni. Anataka kulipata mwenyewe.